Cheti, Mshahara na Kiti: Historia ya Chama cha Kifalme cha Wakunga cha Uingereza Tangu 1881

Utangulizi

Taasisi nyingi zinapoadhimisha umri wao huhesabu majengo, wanachama na viongozi waliopita. Chama cha wakunga wa Uingereza, kinachojulikana leo kwa jina la Royal College of Midwives, kinastahili kupimwa kwa sheria. Kilizaliwa London mwaka 1881 kwa ajili ya kutafuta sheria moja tu, kikaipata baada ya miaka 21, kisha kikabaini kwamba sheria hiyo haikutosha. Tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa kurudi bungeni mara kwa mara kudai kilichoachwa nje. Neno College lisimpotoshe msomaji wa Kiswahili akadhani ni chuo cha kufundishia wanafunzi. Ni chama cha taaluma na pia chama cha wafanyakazi, chenye wanachama wapatao 50,000.

Kumbukumbu hii inafuata historia hiyo kwa hoja moja. Sheria ya uzazi ina sehemu tatu. Ya kwanza hutaja nani anaruhusiwa kuitwa mkunga, na hiyo ndiyo sehemu ya cheti. Ya pili hutaja nani analipa ili mkunga, na daktari anapohitajika, amfikie mama asiye na kitu. Hiyo ndiyo sehemu ya mshahara. Ya tatu hutaja nani anaketi mezani kanuni zinapotungwa, nayo ni sehemu ya kiti. Mabunge huridhia sehemu ya kwanza kabla ya nyingine kwa sababu haiigharimu hazina fedha nyingi. Lakini cheti bila mshahara humwacha mama na mkunga wake katika umaskini uleule, na vyote viwili bila kiti vinaweza kupunguzwa siku yoyote na watu ambao hawajawahi kuzalisha.

Hitaji lililozaa chama: kabla ya 1881

Katikati ya karne ya 19, wanawake wengi maskini wa Uingereza walijifungulia nyumbani mikononi mwa mwanamke wa jirani au mkunga aliyejifunza kwa kuona. Uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Uzazi cha London, uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1860, ulionyesha kwamba katika vijiji vingi na katika mitaa ya mafukara ya London mkunga ndiye aliyeshika sehemu kubwa ya uzazi. Hata hivyo sheria haikumjua. Madaktari walikuwa wamepata rejista yao ya kitaifa kwa sheria ya 1858, ilhali mwanamke yeyote angeweza kujiita mkunga asubuhi na kuitwa kuzalisha jioni, bila mafunzo, bila mtihani na bila msimamizi. Ufaransa na dola za Kijerumani zilikuwa na utaratibu wa kuwafunza na kuwapa wakunga vibali kwa muda mrefu. Uingereza, iliyojivunia kuongoza dunia kwa viwanda, ilikuwa nyuma yao katika jambo hili.

Pengo hilo la sheria lilifuatana na dharau. Charles Dickens, katika riwaya yake ya Martin Chuzzlewit iliyotoka kati ya 1843 na 1844, alimchora Sairey Gamp, mwanamke mlevi aliyeuguza wagonjwa na kuzalisha, na sura hiyo ikawa ndiyo picha ya mkunga vichwani mwa wasomaji. Waswahili husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Jamii ya Uingereza iliwatukana huku ikiendelea kuwategemea, na ilisahau kwamba aibu ya kukosa mafunzo ilikuwa ya taifa lililokataa kuwafunza. Wala mafunzo ya daktari pekee hayakuwa kinga. Mwaka 1847, katika hospitali ya Vienna, Ignaz Semmelweis alionyesha kwamba wodi iliyohudumiwa na wanafunzi wa udaktari ilikuwa ikiua wazazi wengi zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wodi ya wakunga, kwa sababu wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaingia kuzalisha bila kusafisha mikono ipasavyo. Palihitajika elimu, usafi na usimamizi kwa kila anayemgusa mzazi.

Mwaka 1872 Chama hicho cha Madaktari wa Uzazi cha London kilianzisha mtihani wa hiari kwa wakunga. Wanawake wachache waliweza kuulipia na kuufaulu. Diploma hiyo ilithibitisha kwamba mkunga anaweza kufunzwa na kupimwa, lakini haikumkinga mama, kwa kuwa asiye na diploma alikuwa na haki ileile ya kufanya kazi. Hapo ndipo hitaji la chama lilipotokea.

Kuanzishwa na miaka ya kubisha hodi: 1881–1902

Kundi la wanawake lilikutana London mwaka 1881 na kuunda jumuiya ya kuwasajili wakunga waliofunzwa. Miongoni mwao walikuwa Louisa Hubbard, mhariri aliyepigania ajira za wanawake, na Zepherina Smith, muuguzi na mkunga aliyekuwa na diploma. Lengo lao lilikuwa Bunge lipitishe sheria ya mafunzo na usajili. Katika muongo huo jumuiya ilichukua jina la Midwives' Institute, na mwaka 1889 ikasajiliwa rasmi kama taasisi. Rosalind Paget, aliyejiunga mwaka 1886, alikuwa mtunza hazina wake kwa miaka mingi, na Jane Wilson aliiongoza kama rais katika kipindi cha harakati za sheria. Kuanzia 1887 taasisi ilikuwa na jarida, Nursing Notes, lililowafikia wakunga na wauguzi waliotawanyika mikoani na kuwaeleza nini kinajadiliwa bungeni na kwa nini kinawahusu.

Hali ya Bunge lenyewe ni sehemu ya historia hii. Wanawake hawa waliomba sheria kutoka kwa wabunge ambao hawakuwa na haki ya kuwachagua wala kuwaondoa. Wanawake wa Uingereza walipata kura ya bunge mwaka 1918, tena wale wa miaka 30 na zaidi waliotimiza masharti. Kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa ushahidi na subira. Muswada wa kwanza uliwasilishwa mwaka 1890 ukashindwa. Kati ya 1892 na 1893 kamati teule ya Bunge ilisikiliza mashahidi na kupendekeza usajili wa wakunga, lakini mapendekezo hayo hayakuwa sheria. Miswada iliyofuata katika muongo huo ilikwama mmoja baada ya mwingine.

Upinzani ulitoka pande mbili. Madaktari wengi wa mitaani walihofia kwamba mkunga mwenye cheti angewapokonya ada za uzazi, ambazo ndizo ziliwafungulia mlango wa kuitibu familia nzima. Baadhi ya viongozi wa wauguzi nao hawakupenda kuona mkunga akipata rejista kabla ya muuguzi. Taasisi iliwajibu wote kwa mpaka ulioandikwa: mkunga atahudumia uzazi wa kawaida, na dalili za hatari zikitokea atamwita daktari. Mpaka huo uliwatuliza madaktari wa kutosha, na pia ulikuwa gharama, kwa sababu uliingiza katika sheria wazo kwamba mkunga ni wa kuangaliwa na fani nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, takribani watoto 150 kati ya kila 1,000 waliozaliwa England na Wales walikufa kabla ya kutimiza mwaka, na vita vya Afrika Kusini viliwatia viongozi wasiwasi kuhusu afya ya vijana walioandikishwa jeshini. Taifa lililoanza kuhesabu watoto wake halikuweza tena kumpuuza anayewapokea. Sheria ya Wakunga ilipata idhini ya mfalme tarehe 31 Julai 1902.

Sheria ya 1902: kilichopatikana na kilichoachwa

Sheria hiyo, iliyohusu England na Wales, iliunda Bodi Kuu ya Wakunga yenye kazi ya kutunga kanuni, kusimamia mafunzo na mitihani, na kutunza orodha ya wakunga. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1905 hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kutumia jina la mkunga bila cheti. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1910 hakuna aliyeruhusiwa kuzalisha kwa mazoea na kwa malipo bila cheti, isipokuwa chini ya maelekezo ya daktari. Wanawake wenye sifa njema waliokuwa wameifanya kazi hiyo kwa angalau mwaka mmoja walipewa nafasi ya kuandikishwa bila mtihani. Kifungu hicho kilikuwa cha busara. Hadi 1905 orodha ilikuwa na majina zaidi ya 22,000, na zaidi ya nusu yalikuwa ya wanawake walioingia kwa uzoefu. Kama Bunge lingewafukuza kwa siku moja, maelfu ya mitaa ya maskini yangebaki bila mtu wa kuitwa usiku.

Hiyo ilikuwa sehemu ya cheti, na taasisi ilikuwa na haki ya kuisherehekea. Sehemu ya kiti ilikuwa hafifu mno. Sheria haikumlazimisha mtu yeyote kumweka mkunga hata mmoja ndani ya Bodi Kuu ya Wakunga. Kati ya viti tisa, vinne vilitengewa madaktari, na hata mjumbe ambaye Midwives' Institute ilipewa haki ya kumteua ilibidi awe daktari. Rosalind Paget na Jane Wilson waliingia katika Bodi ya kwanza, lakini kwa uteuzi wa mamlaka nyingine. Paget alidumu humo hadi 1924, na uwepo wake ulitegemea uamuzi wa waliomteua, kwa kuwa hakuna kifungu kilichowapa wakunga haki hiyo. Wakati huohuo, wasimamizi wa serikali za mitaa walipewa mamlaka ya kumkagua mkunga, vifaa vyake, kumbukumbu zake na hata mwenendo wake wa maisha, jambo ambalo daktari wa wakati ule asingelivumilia kwa siku moja.

Nani atalipa? 1902–1936

Upungufu mkubwa zaidi ulijitokeza mlangoni mwa mzazi. Kanuni zilimwamuru mkunga kumwita daktari anapoona hatari kama kutokwa damu nyingi au kifafa cha mimba, lakini hazikusema nani atamlipa daktari huyo. Familia haikuwa na fedha, daktari hakuwa na hakika ya kulipwa, na mkunga alibaki katikati: asipoita anavunja kanuni, akiita huenda asijibiwe. Huu ndio mfano bora wa sheria inayotoa agizo bila fungu. Ilichukua hadi Sheria ya Wakunga ya 1918 kwa serikali za mitaa kuwajibishwa kumlipa daktari aliyeitwa na mkunga, kisha kudai kutoka kwa familia yenye uwezo. Kwa miaka 16 akina mama walibeba gharama ya mstari mmoja uliokosekana.

Bima ya taifa ya 1911 ilileta hatua nyingine kwa posho ya uzazi ya shilingi 30, kiasi kilichomwezesha mke wa mfanyakazi kumlipa mkunga au daktari. Marekebisho ya 1913 yaliifanya posho hiyo kuwa mali ya mama mwenyewe, kwa maana fedha iliyopitia mkononi mwa mume haikufika kwa mkunga kila mara. Badiliko hilo dogo la maneno linafundisha jambo kubwa: haitoshi sheria kutaja fedha, sharti itaje pia inaingia mkononi mwa nani. Mafunzo nayo yalirefushwa kwa awamu. Miezi mitatu ya mwanzo iliongezwa kuwa sita mwaka 1916, na mwaka mzima kufikia 1926 kwa asiye muuguzi.

Hata hivyo mkunga wa kujitegemea aliendelea kuwa fukara. Alishindana na hospitali, na mashirika ya hisani, na wanawake wasio na cheti waliojificha nyuma ya jina la daktari. Mkunga anayehitaji uzazi mwingi ili apate kula hana muda wa kumtembelea mama kabla ya kujifungua wala kulala usingizi kati ya kazi mbili. Katika kipindi hiki taasisi iliongozwa na Edith Pye, mkunga wa madhehebu ya Quaker aliyewahi kuendesha hospitali ya wazazi nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliyekuwa rais kuanzia 1929 hadi 1949. Taasisi ilishiriki katika baraza la pamoja la ukunga lililoundwa mwaka 1934 kutafuta muundo wa huduma ya kitaifa. Matokeo yake ni Sheria ya Wakunga ya 1936, iliyozitaka serikali za mitaa kuhakikisha kuna wakunga wa kutosha wenye mshahara kwa ajili ya uzazi wa nyumbani, na kuwalipa fidia wakunga waliostaafu chini ya utaratibu huo. Ninaiona sheria hii kuwa kubwa kuliko ile ya 1902, ingawa haikumbukwi kama ile. Ya 1902 ilimwambia mkunga nini asifanye. Ya 1936 ilimpa uwezo wa kufanya alichofunzwa.

Hoja za wanaopinga

Msomaji makini atauliza: kama sheria ilikuwa na maana, mbona vifo vya wazazi havikushuka? Swali ni la haki. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya 1902, England na Wales zilipoteza takribani wazazi 4 kwa kila vizazi hai 1,000, na mwaka 1934 kiwango kilikuwa bado juu ya hapo. Kushuka kwa kweli kulianza baada ya 1936, dawa za salfa zilipothibitisha uwezo wake dhidi ya homa ya uzazi katika Hospitali ya Queen Charlotte's, London, kwa kazi ya Leonard Colebrook. Damu ya kuongezewa na penisilini zilifuata, na kufikia 1950 kiwango kilikuwa chini ya 1 kwa 1,000. Kwa hiyo si kweli kwamba cheti peke yake kiliokoa wazazi, na chama kinachojiheshimu hakina haja ya kudai hivyo.

Lakini ushahidi wa kipindi hichohicho una upande wa pili. Takwimu za miaka ya 1930 hadi 1932 zilionyesha kwamba wake wa matajiri na wataalamu, ambao kwa kawaida walizalishwa na madaktari, walikufa kwa kiwango cha juu kuliko wake wa vibarua, ambao zaidi walizalishwa na wakunga. Wakunga wa taasisi ya wauguzi wa mitaani ya Malkia Victoria, waliofunzwa vizuri, waliolipwa mshahara na kusimamiwa kwa karibu, walikuwa na kiwango cha vifo kilichokaribia nusu ya wastani wa taifa, ingawa walihudumia nyumba za maskini. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba mkunga huzidi dawa. Zinathibitisha kwamba mkunga aliyefunzwa na kulipwa hakuwa hatari kama wapinzani wa miaka ya 1890 walivyotabiri, na kwamba tofauti kati ya mkunga mmoja na mwingine ilitokana na mazingira ya kazi yake. Tena dawa haijipeleki kitandani. Salfa zilipofika, nchi ilikuwa tayari na mtandao wa wanawake wenye mafunzo, wanaojulikana kwa majina, wanaofika kila mtaa na wanaojua dalili za kumwita daktari.

Hoja ya pili inasema kwamba sheria iliwasukuma nje wanawake wa mtaani waliowasaidia jirani zao kwa malipo madogo au kwa sahani ya chakula, na kwamba waasisi walikuwa mabibi wa tabaka la juu waliotaka kuitakasa kazi ya maskini. Kuna ukweli ndani yake. Ada ya mafunzo iliwafungia mlango wanawake wengi wa vibarua, na masharti ya mwenendo mwema yalitumika wakati mwingine kuhukumu umaskini kana kwamba ni tabia mbaya. Lakini tuangalie mbadala uliokuwepo. Bila sheria, mama maskini angeendelea kupata huduma ya bahati nasibu huku mama tajiri akichagua. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa kulipia mafunzo ya mwanamke maskini na kumpa mshahara, yaani sehemu ya pili ya sheria ambayo Bunge liliichelewesha. Waasisi walikosea kukubali cheti kitangulie fedha kwa miaka mingi kiasi kile. Hawakukosea kudai cheti.

Ndani ya huduma ya taifa: 1941–1983

Mwaka 1941, katikati ya vita, taasisi ilibadili jina na kuwa College of Midwives, na mwaka 1947 ikapewa hadhi ya kifalme. Tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilianza, na kwa mara ya kwanza mama yeyote aliweza kupata mkunga na daktari bila kuulizwa fedha mlangoni. Swali la 1902, nani atamlipa daktari, lilipata jibu kamili baada ya miaka 46. Huduma za chama nazo zilipanuka: kozi za kujiendeleza, ushauri wa kisheria, majadiliano ya mishahara na utetezi wa dawa za kupunguza uchungu mikononi mwa wakunga. Gesi ya kuvuta kwa mashine ya Minnitt iliruhusiwa kwao mwaka 1936, na sindano ya pethidini mwaka 1950. Mwaka 1954 London ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia ambapo umoja wa kimataifa wa wakunga ulichukua jina lake la sasa, International Confederation of Midwives.

Mafanikio hayo yalikuja na changamoto mpya. Mwaka 1927 takribani 15 kati ya kila uzazi 100 nchini England na Wales ulikuwa hospitalini. Ripoti ya kamati ya Peel ya 1970 ilipendekeza nafasi za hospitali kwa wazazi wote, na kufikia 1980 uzazi wa nyumbani ulikuwa chini ya 2 kwa 100. Hospitali iliokoa wengi waliokuwa hatarini, lakini ilimgawa mkunga vipande: mmoja kliniki, mwingine chumba cha kujifungulia, mwingine wodini, na mama akakutana na sura mpya kila mlango. Kisha ikaja Sheria ya Wauguzi, Wakunga na Wauguzi wa Afya ya Jamii ya 1979, iliyoivunja Bodi Kuu ya Wakunga na kuwaweka wakunga ndani ya baraza moja na wauguzi waliowazidi kwa mbali kwa idadi. Chama kilipigania kamati ya ukunga iliyotajwa ndani ya sheria yenyewe, ambayo baraza lilipaswa kuisikiliza katika mambo ya ukunga, na kikaipata. Utaratibu mpya ulianza mwaka 1983. Takribani miaka 80 baada ya Bodi isiyomhitaji mkunga, kiti kilikuwa kimeandikwa.

Kutoka 1983 hadi leo

Mwaka 1992 kamati ya afya ya Bunge, chini ya uenyekiti wa Nicholas Winterton, ilisema kwamba sera ya kuwalazimisha wanawake wote kujifungulia hospitalini haikuwa na msingi wa kutosha katika ushahidi wa usalama. Mwaka uliofuata ripoti ya Changing Childbirth, ya kundi lililoongozwa na Julia Cumberlege, ilimweka mama katikati ya huduma na kutaka amjue mkunga wake. Kuanzia 1997 hadi 2008 katibu mkuu wa chama alikuwa Karlene Davis, mzaliwa wa Jamaika na mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza chama cha wafanyakazi nchini Uingereza. Cathy Warwick alimfuata hadi 2017, kisha Gill Walton. Tarehe 13 Oktoba 2014 wanachama waligoma kwa saa nne nchini England kuhusu mishahara, kwa mara ya kwanza katika miaka 133 ya chama, huku huduma kwa wazazi walio katika uchungu ikilindwa.

Somo la kiti lilirudi tena mwaka 2017, mabadiliko ya sheria yalipoondoa usimamizi wa kisheria wa wakunga uliodumu tangu 1902 na pia kuifuta kamati ya ukunga ndani ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuondolewa kwa usimamizi kulikuwa na sababu nzito, kwa kuwa uchunguzi wa vifo katika hospitali kadhaa ulionyesha mkanganyiko wa kumchunguza mkunga na kumsaidia kwa mkono uleule. Kufutwa kwa kamati ni jambo jingine. Kulithibitisha kwamba haki iliyopatikana kwa sheria ya 1979 ingeweza kuondoka kwa sheria nyingine, na kwamba chama hakina ruhusa ya kulala.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1881 | Jumuiya ya kusajili wakunga waliofunzwa yaundwa London |
| 1887 | Jarida la Nursing Notes laanza |
| 1889 | Midwives' Institute yasajiliwa rasmi |
| 1890 | Muswada wa kwanza wa usajili washindwa |
| 1892–1893 | Kamati teule ya Bunge yapendekeza usajili |
| 1902 | Sheria ya Wakunga, England na Wales. Bodi Kuu yaundwa |
| 1910 | Kuzalisha kwa mazoea na kwa malipo bila cheti kwapigwa marufuku |
| 1915 | Sheria ya Wakunga ya Scotland |
| 1918 | Sheria ya Wakunga ya Ireland. England na Wales, serikali za mitaa zamlipa daktari aliyeitwa na mkunga |
| 1936 | Wakunga wa mshahara kwa uzazi wa nyumbani |
| 1941 | Jina labadilika kuwa College of Midwives |
| 1947 | Hadhi ya kifalme |
| 1948 | Huduma ya Taifa ya Afya yaanza |
| 1979 | Sheria mpya yaweka kamati ya ukunga |
| 1983 | Bodi Kuu yakoma. Baraza la pamoja laanza |
| 1993 | Ripoti ya Changing Childbirth |
| 2014 | Mgomo wa kwanza katika historia ya chama |
| 2017 | Usimamizi wa kisheria na kamati ya ukunga vyaondolewa |

Historia hii na sisi

Kati ya 2012 na 2015 chama kilikuwa na mradi wa udugu na vyama vya wakunga vya Uganda, Nepal na Cambodia, na kupitia mradi huo wakunga wa Uingereza na wa Uganda walifanya kazi bega kwa bega. Lakini sababu ya msomaji wa Afrika Mashariki kuijali historia hii ni kubwa kuliko mradi wowote. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000, kiwango ambacho hakiko mbali na zaidi ya 400 cha England na Wales mwaka 1934. Nchi zetu zimekwisha kutunga sehemu ya cheti: Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 na baraza lake. Katika malipo nazo zimepiga hatua, kama Kenya ilipofuta ada za kujifungua katika vituo vya umma Juni 2013. Waingereza walichukua miaka 34 kutoka cheti cha 1902 hadi mshahara wa 1936, na wazazi walikufa katikati ya tarehe hizo. Hatuna sababu ya kurudia urefu wa safari hiyo wakati ramani yake iko wazi.

Kwa hiyo mbunge, mkunga au mwananchi atakayeshika muswada wowote wa afya ya uzazi asiridhike na kurasa zinazotaja adhabu kwa asiye na leseni. Atafute kifungu kinachosema fedha itatoka fungu gani ili mkunga wa kijijini alipwe kwa wakati na gari la wagonjwa liwe na mafuta. Kisha atafute orodha ya wajumbe wa baraza na kuhesabu wakunga wangapi wana viti humo kwa haki ya sheria. Asipovikuta vifungu hivyo, aurudishe muswada.